Riviu ya madalali wanne wa nyumba Dar na jinsi misimbazi yangu ilivyoyeyuka

Jumapili moja jioni mama mwenye nyumba wangu wa Kimara aliniita sebuleni kwake akanimiminia chai ya maziwa, na hapohapo nikajua nahama. Miaka miwili nimekaa uani kwake sijawahi kujua hata vikombe vyake vina rangi gani. Tukaongea mvua, tukaongea bei ya mkaa, akaniuliza kazini kwema, ndo akafika panapomuuma: kijana wake anaoa, anakihitaji kile chumba, kwa hiyo mwanangu nakupa mwezi mmoja ujipange. Sawa mama, asante mama, hongera kwa harusi mama, nikamalizia chai nikatoka nje nikakaa kwenye ndoo.

Basi hii riviu ni ya huduma ambayo karibu kila mpangaji wa Dar ameshaitumia na sijaona mtu akiipa nyota hata siku moja, yaani dalali wa nyumba. Nimetumia wanne ndani ya wiki tatu. Mmoja amenipa nyumba, mmoja amenipa kichekesho, wawili wamenipa stori za kusimulia harusini kwa huyo kijana.

Nilikuwa nataka chumba na sebule, choo ndani, LUKU (mita ya umeme) yangu peke yangu, na niwe na uwezo wa kufika Posta bila kubadilisha gari tatu. Bajeti laki mbili na ishirini kwa mwezi, hapo nimejikamua. Kimara ilinilemaza kwa sababu ya mabasi ya mwendokasi, tangu yaanze 2016 sisi watu wa barabara ya Morogoro hatujui tena kufikiria njia nyingine, na wenye nyumba nao siyo wajinga, wameshaona, ukiwa karibu na kituo bei inapanda hata kama nyumba yenyewe bati linavuja. Shosti wangu akanishauri Kigamboni, kule bei nzuri na viwanja vina hewa, ila mimi na kuvuka maji kila asubuhi hapana, tuache.

Kwa mgeni wa jiji nieleze kidogo mchezo unavyochezwa. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima, wa miezi mitatu unampata kwa bahati, na wa mwezi kwa mwezi labda awe mjomba wako. Juu ya hapo dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, na inatoka mfukoni kwako wewe mpangaji. Halafu kabla ya yote kuna hela ya kwenda kuona, wengine wanaiita ya usumbufu, elfu kumi mpaka ishirini, upate usipate hairudi. Kwa hiyo dalali anaweza kuishi vizuri tu bila kumpangishia mtu yeyote, akitembeza watu watano kwa siku ameshakula. Hilo nililielewa kwa kuchelewa.

Na matangazo yao yanahitaji kamusi. "Dk 5 toka lami" ni dakika tano za bodaboda asiye na mzigo, tena usiku wa manane barabara ikiwa tupu. Lami yenyewe ni lami yoyote, hawakusema ni ile ya daladala. "Maji masaa 24" maana yake kuna tanki, sasa kama ndani ya tanki kuna kitu hilo ni swali lako wewe. "Jiko" ni korido iliyotundikwa sinki. "Wapangaji wawili tu" watoto hawajahesabiwa. "Mazingira tulivu" mimi nilipelekwa sehemu ukuta mmoja na makaburi, kwa kweli utulivu ulikuwepo, siwezi kulalamika. Na "220 x 6" ndo sentensi pekee kwenye tangazo ambayo ni ya kweli neno kwa neno.

Dalali wa kwanza nilimpata mtandaoni. Picha kali, taizi zinawaka, jipsamu ina taa za bluu, nikapiga simu hapohapo. Kijana anaongea vizuri, "dada angu usijali, hii nyumba kama ulitengenezewa wewe", akaomba elfu ishirini kwanza nimtumie kwa simu ndo anipe lokesheni. Nikatuma. Tukakutana Shekilango, akaja na miwani ya jua na funguo nyingi kiunoni kama askari magereza, nikauliza ile ya kwenye picha iko upande gani, akasema aaah dada ile imechukuliwa jana usiku, ila ninazo kali zaidi ya ile. Ya kwanza haina dirisha, yaani dirisha lipo ila linafungukia kwenye ukuta wa jirani, ukinyoosha mkono unashika tofali. Ya pili choo cha nje mnashare watu tisa. Ya tatu nzuri sana, kila kitu kipo, laki tatu na nusu. Ukishaona mbili za kwanza hiyo ya tatu inaonekana kama Masaki, na ndo lengo lake lilipokuwa, anakuchosha na kukutisha ili uvunje bajeti. Mimi bajeti haivunjiki kwa sababu ilishavunjika tangu mwaka jana. Nikamshukuru nikaondoka. Mwezi mmoja baadae ile picha ya taa za bluu bado inazunguka, na bado "imebaki moja wahi". Nyota moja, na hiyo ni ya zile funguo.

Wa pili yupo Tabata, huyu ana kijiwe kabisa, benchi chini ya mwembe na kibao kimeandikwa kwa rangi nyekundu VYUMBA NYUMBA FREMU VIWANJA, msimbazi mmoja tu, yaani elfu kumi, wa kwenda kuona. Akanipeleka kwa mguu tunashuka, tunashuka, tunazidi kushuka, na mtu wa Dar ukishaona unashuka hivyo kiangazi akili inatakiwa ianze kufanya kazi lakini mimi nilikuwa naangalia chumba. Chumba na sebule laki na hamsini! Kimepakwa rangi mpya, cream, ila rangi mpya imeishia usawa wa kiuno, juu yake rangi ya zamani. Nikamuuliza mbona hivi, akasema ni mtindo. Mama mmoja alikuwa anafua pale uani, ananiangalia anatabasamu, mwisho akashindwa kuvumilia akasema, "Karibu jirani. Mtumbwi unao?" Wapangaji wote wakacheka mpaka dalali akacheka. Kumbe mto Msimbazi uko nyuma ya ule ukuta, huu huu ambao masika ikikolea unamwaga maji Jangwani mpaka barabara inafungwa na mwendokasi yanasimama. Dalali akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, masika si mara moja tu kwa mwaka?" Nampa nyota mbili, moja ni ya yule mama.

Wa tatu sasa. Huyu nyota hana, huyu angepewa namba ya kesi.

Alinionyesha nyumba Mabibo, mtaa siutaji. Nyumba ni nzuri kweli, siyo picha, niliingia kwa miguu yangu, sebule nikaiona, bafu nikafungua bomba maji yakatoka. Kulikuwa na mpangaji ndani, dada mmoja mkarimu, dalali akamwambia "tunaangalia tu mara moja dada" na yule dada akatuacha tuangalie. Tulipotoka akanieleza kwamba anahama Ijumaa, mwenye nyumba yuko safarini Tanga anarudi Jumamosi, kodi utamlipa mwenyewe mkononi na mkataba mtaandikishana, ila kwa sababu watu wanaigombania toa kishikizi laki moja nikufungie. Sasa hapo ndo ujanja wake ulipo, maana hakuomba kodi yote, angeomba milioni ningeshtuka, laki moja unajiambia si kitu ukilinganisha na kukosa nyumba. Nikampa na elfu kumi na tano ya kwenda kuona juu yake, karatasi hajaniandikia, nami sikuomba maana alikuwa ananiita dada angu.

Jumamosi saa nne asubuhi nikafika na kirikuu, kitanda juu, godoro juu, mimi mbele na dereva nimepakata sufuria na ua langu kwenye kopo. Getini nikakuta guta lina friji na kaka mmoja amekaa juu ya friji. Nikamsalimia, nikamuuliza vipi na wewe unahama, akasema hapana nahamia. Nikacheka nikidhani nyumba ina vyumba vingi. Kabla hatujamaliza kuelewana ikafika bajaji, mama na watoto wawili na mabegi, na yeye ana namba ileile ya dalali. Tukagonga. Akatoka yule dada mpangaji na mwiko mkononi, ananukia chapati, anatuangalia, anaangalia friji, anaangalia kitanda changu. "Nani kawaambia mimi nahama?" Kodi yake ilikuwa imebaki miezi minne. Alikuwa anadhani siku zile tunazokuja tukiangalia ni mafundi na watu wa mwenye nyumba, yaani dalali alikuwa anamwambia hivyo, na sisi anatuambia vingine. Simu ya dalali inaita haipokelewi, halafu haiiti kabisa. Yule dada Mungu ambariki akaona watoto wako juani akatuingiza uani akatugawia chapati, wapangaji watatu hewa tumekaa kwenye mkeka mmoja tunakula chapati za nyumba ambayo kila mmoja anadhani ni yake. Dereva wa kirikuu nje anapiga honi anataka hela ya kurudi. Nikarudi Kimara na kitanda changu, nikakuta mchumba wa yule kijana ameshaanza kupima madirisha mapazia.

Jumatatu tukaenda ofisi ya serikali ya mtaa wa palepale, mimi, kaka wa friji na yule mama. Na hapa niseme ukweli wangu, uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 mimi nilipiga kura kule Kimara kwa sababu tu kituo kilikuwa njiani nikienda dukani, sikuwa na habari sana mwenyekiti wa mtaa anafanya nini zaidi ya kugonga muhuri barua ya utambulisho. Kumbe ukidhulumiwa laki moja huyo ndo mtu wako wa karibu kuliko wote. Mwenyekiti alitusikiliza, akauliza swali moja, mna maandishi? Hatuna. Akatikisa kichwa kama mwalimu wa darasa la tatu. Kisha akauliza dalali anafananaje, tukamweleza, akasema ahaa, akatoa simu, akampigia, hapokei. Akasema sawa, akampigia mama yake mzazi. Wadau, ndani ya dakika arobaini kijana yupo mlangoni jasho linamtoka. Hela nyingine ameshakula, mimi nikarudishiwa elfu sitini, wenzangu nao karibu hivyohivyo, akaandika kwa mkono wake kwamba iliyobaki atamalizia mwisho wa mwezi. Huo mwisho wa mwezi mpaka leo haujafika. Lakini ningekuwa peke yangu nisingepata hata mia.

Wakati tunatoka ndo mwenyekiti akaniambia binti, ukitaka dalali nenda Sinza, shuka kituo cha kwa Remmy, ulizia mzee fulani, sema nimekutuma mimi. Kituo chenyewe kina jina la Remmy Ongala, yule mwanamuziki, Dar vituo ndo vilivyo, mtu anafariki, muziki unanyamaza lakini konda anaendelea kumuita kila siku kwa Remmy shusha!

Huyu wa nne nitamuita Babu maana hata madalali wenzake wanamuita hivyo. Nimemkuta amekaa nje ya duka la mangi, barakashia, redio ndogo. Shikamoo babu. Marahaba mjukuu wangu, nani kakutuma. Nilipomtajia akacheka akaniambia kaa. Na hapo kwa mara ya kwanza ndani ya wiki tatu nikaulizwa maswali mimi. Unafanya kazi wapi, unarudi saa ngapi, unapika kwa gesi au mkaa, una friji, pasi, unapokea wageni, wanalala? Umeshahama nyumba ngapi na kwanini? Nikaanza kudhani anataka kunichumbia kwa mjukuu wake. Akachukua elfu kumi, akasema ukipata naikata kwenye hela yangu, usipopata nimekunywea chai.

Halafu akasema rudi saa mbili usiku.

Nikagoma. Msichana peke yangu, usiku, na mwanaume nisiyemjua hata kama ni mzee! Akaniambia njoo na mwenzako, ila nyumba haiangaliwi mchana. Nikaenda na shosti wangu wa Kigamboni. Na wakuu, hii ndo elimu niliyoilipia, Babu yuko sahihi kabisa. Mchana kila nyumba ni tulivu kwa sababu watu wako kazini, maji yanatoka kwa sababu hakuna anayeoga, na ile baa ya nyuma bado imefungwa imegeuza viti juu ya meza. Saa mbili usiku nyumba inakuambia yote. Unasikia redio ya jirani, unajua choo kinanukaje, unaona njia ina taa au ni giza la kuporwa simu, unaona getini wanakaa vijana gani na wanakusalimia vipi. Nyumba ya kwanza aliyotupeleka ilikuwa nzuri, nikasema naitaka, akaniambia subiri, akatusimamisha pale dakika kumi bila kuongea. Spika za baa zikaanza kupimwa. Akasema, "Leo Jumanne hiyo. Ijumaa kitanda kinatembea chenyewe." Tukaondoka. Nyumba ya pili akatuonyesha kisha akasema mwenyewe hii sikushauri, kisima chao ni chumvi tupu na mama mwenye nyumba anapandisha kodi kila mkataba unapoisha. Dalali! Anakataa hela ya mwezi mmoja kwa mdomo wake mwenyewe. Nikamuuliza babu sasa utakula wapi, akasema mtu niliyempangisha vibaya anarudi kunitukana hapa mbele ya duka, niliyempangisha vizuri ananiletea wadogo zake.

Ya tatu ndo hii ninayoandikia sasa hivi. Na kabla hata hatujaingia ndani akaanza na ukuta wa nje, anahesabu mita za LUKU kwa tochi ya simu. Nataka nieleze hapa kwa urefu maana sikuwa najua na nina miaka naishi na umeme wa kuchangia. Mita ya matumizi madogo ya nyumbani, ile ya kundi la D1, uniti 75 za kwanza kwa mwezi kila moja ni shilingi 100 kabla ya kodi na makato, ukizidisha hapo kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Sasa chukua familia nne zinachangia mita moja, kila mmoja anatumia uniti 25 tu, taa na tivii na feni. Jumla ni uniti 100. Zile 75 ni 7,500, zile 25 za juu ni 8,750, jumla 16,250, gawa kwa nne kila mtu kama 4,060. Kila mtu angekuwa na mita yake angelipa 2,500. Hapo hakuna aliyewasha jiko la umeme, hakuna mwenye friji la soda za biashara, na matumizi yakizidi kila mwezi mita yenyewe inahamishwa kundi mnapoteza hata hizo za shilingi 100. Bado sijataja ugomvi, nani kaacha pasi, nani hajachanga, nani ananunua umeme kimyakimya anazima swichi ya wenzake. Nyumba hii ina familia tatu na mita tatu, kila moja imeandikwa jina kwa maka peni. Nikataka kuibusu.

Kwenye hiyohiyo LUKU kuna kodi ya jengo pia, tangu Agosti 2021 inakatwa ukinunua umeme, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na mwaka 2023 ikapanda 1,500, kwa ghorofa ni zaidi. Kodi ni ya mwenye nyumba lakini anayenunua umeme ni mpangaji, na siyo kila mwenye nyumba anapenda kukumbushwa hilo. Babu akalitaja mbele ya mama mwenye nyumba kabla sijafungua mdomo, "mama, ile elfu na mia tano ya kila mwezi tunaikata kwenye kodi ijayo eeh?" Mama akaguna, akasema haya andikeni. Imeandikwa. Elfu tisa kwa miezi sita, najua ni hela ndogo, ila raha ya kuikata acha kabisa.

Usaili wa mwenye nyumba ulikuwepo kama kawaida. Umeolewa? Bado mama. Una mchumba? Mama mimi nimekuja kupanga. Akacheka lakini akauliza tena kwa njia nyingine. Sijui ni lini mtu mwenye mshahara wake na kitambulisho cha NIDA ataacha kuulizwa mume ili apewe funguo, mwanaume asiyeoa naye anasumbuliwa lakini yeye anaulizwa kama ni mlevi, mimi naulizwa kama nitaleta mlevi. Babu alikaa kimya sehemu hiyo, na hapo namkata nusu nyota. Alitakiwa asemee.

Mkataba ni ule wa kununua steshenari, karatasi mbili zina nafasi za kujaza, ila Babu alitusimamia tukaongeza kwa mkono, notisi ya miezi miwili kwa pande zote, tanki likiharibika ni la nani, ukuta ulikuwa na ufa kabla sijaingia (nikapiga na picha), na shahidi mmoja kila upande. Kisha akaniambia jambo ambalo madalali watatu hawakuwahi kulitaja, badilisha vitasa leo hii kabla hujalala, mpangaji aliyetoka ana funguo, na fundi aliyepaka rangi ana funguo. Elfu thelathini na tano vitasa viwili pamoja na fundi.

Hesabu kamili kwa wanaopenda namba. Kodi 220,000 mara sita ni 1,320,000. Babu 220,000 akakata ile kumi ikawa 210,000. Hela za kwenda kuona kwa wote wanne 55,000. Kishikizi kilichozama 40,000. Kirikuu mara mbili, ile safari ya chapati kwenda na kurudi 70,000 na ya kweli 45,000. Vitasa 35,000. Ukiacha kodi nimetumia 455,000, na ningeanza na Babu moja kwa moja ingekuwa 300,000 tu. Kwa hiyo 155,000 nimelipa ada ya kuwajua wale watatu.

Kasoro za Babu zipo, nisimfanye malaika. Picha hatumi, WhatsApp hana, ukitaka kuona nyumba uje na miguu yako. Anatembea taratibu na kila kona ana mtu wa kusalimiana naye, nyumba ya dakika saba mnafika baada ya nusu saa. Isha ikiadhiniwa unamsubiri nje ya msikiti. Akianza habari za Simba na Yanga jua mnakosa mwenye nyumba maana atakuwa ameshalala. Na eneo lake ni Sinza na Kijitonyama tu, nje ya hapo anasema hajui na hajifanyi anajua, ukitaka Mbagala au Goba tafuta wa huko. Nyota nne na nusu zilizobaki nampa zote kwa moyo mweupe.

Nyumba yenyewe kwa kifupi, natembea mpaka Shekilango napanda mwendokasi nipo Posta, maji yanatoka kwa siku zake na tanki lina maji kweli, jirani mmoja anafuga jogoo ambaye saa yake imeharibika anawika saa sita usiku. Ufa haujaongezeka.

Jana simu imeita, namba ya Babu. Nikapokea kwa furaha, shikamoo babu, nikijua anataka kujua nimezoea vipi. Marahaba mjukuu wangu, hujambo, nyumba nzuri eeh? Nzuri sana babu. Alhamdulillah. Eti mkataba wako unaisha lini vile? Maana kuna kijana mmoja hapa ameipenda.